Diwani anasema hakuna bajeti, na uwanja wetu umepigwa bikoni. Tumwendee nani?

SWALI

"Shikamoo mzee. Naishi kwenye mtaa wa pembezoni katika manispaa moja ya Kanda ya Ziwa, nina watoto watatu. Mtaani kwetu kuna uwanja wa wazi. Zamani watoto walikuwa wanacheza mpira hapo, na jioni sisi akina mama tunauza samaki wa kukaanga pembeni. Sasa taa mbili zilizokuwepo hazijawaka zaidi ya mwaka, nyasi zimekuwa ndefu, na ikishafika saa moja usiku hupiti pale. Mwezi jana mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili, alinyang'anywa simu na kukatwa mkononi akitoka tuisheni. Sungusungu wanataka shilingi 2,000 kila nyumba kwa mwezi na risiti hawatoi. Wiki mbili zilizopita tumekuta bikoni mbili zimechimbiwa kwenye kona ya uwanja, watu wanasema umeuzwa. Diwani aliahidi kwenye kampeni kwamba ataleta taa na kuuzungushia uwanja ukuta. Tukimfuata anasema hakuna bajeti. Lakini kila mwezi tunakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU. Hiyo fedha inakwenda wapi? Diwani anatudanganya? Na tumwendee nani: mbunge, polisi au mkuu wa wilaya?"

JIBU

Marahaba, binti yangu. Mfikishie pole mama wa huyo mtoto, na muulize kama walikwenda polisi. Kama hawakwenda, waende hata sasa. Nitaeleza huko mbele kwa nini namba ya taarifa ile ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Umeniuliza swali moja, ila ndani yake kuna manne: uwanja, fedha, taa na ulinzi. Mtaani yote yanaonekana ni kitu kimoja kwa sababu yanatokea sehemu moja, lakini serikalini kila moja lina mlango wake. Nimekuwa afisa mipango kwenye halmashauri mbili kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeona wananchi wakizunguka mwaka mzima kwa sababu tu walibisha hodi kwenye mlango usio wao. Kwa hiyo nitakujibu kwa mpangilio wa haraka, na la haraka kuliko yote si taa wala vibaka. Ni zile bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja.

Uwanja hauwi wa wazi kwa sababu watu wameuzoea kuwa wazi. Unakuwa wa wazi kisheria pale unapochorwa hivyo kwenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri yenu ndiyo mamlaka ya upangaji. Eneo likishachorwa kuwa la wazi, mwenyekiti wa mtaa hana uwezo wa kuliuza. Mtendaji hana, na diwani hana. Hata halmashauri yenyewe haiwezi kuamka asubuhi ikaligawa. Kubadili matumizi kuna maombi, kuna tangazo ili wanaoguswa waweke pingamizi, kuna kikao cha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na kuna idhini ya wizara yenye dhamana ya ardhi. Mtu yeyote anayekuonyesha karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa tu, hajanunua uwanja. Amenunua kesi.

Lakini usikimbilie kuamini kwamba umeuzwa. Bikoni peke yake haisemi hivyo. Huenda jirani anapima kiwanja chake na kona imeangukia hapo. Huenda ni kazi ya urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Na huenda halmashauri inapima eneo la umma ili kulilinda, jambo ambalo ningelipongeza. Bikoni ya mpima ardhi huwa na herufi na namba. Piga picha, andika namba hiyo, na waambie vijana wa mtaa wasiing'oe, maana kung'oa alama ya mpaka ni kosa la jinai na litageuza kesi nzuri kuwa kesi mbaya kwenu.

Kisha nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa, watu watatu au wanne, mkiongozwa na mwenyekiti wa mtaa kama yuko tayari. Msiulize "uwanja wetu umeuzwa?" kwa sababu jibu la swali hilo ni rahisi kulikwepa. Ulizeni mambo matatu: namba ya mchoro unaohusu eneo letu, matumizi yaliyoandikwa kwenye kipande hicho, na kama kuna maombi yoyote ya kubadili matumizi. Ombeni kwa barua, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa.

Mtapata moja ya majibu matatu. La kwanza, ni eneo la wazi. Hapo mnaandika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa diwani na kwa mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, mkitaja namba ya mchoro na namba za bikoni. La pili, eneo ni la umma lakini si la kuchezea: limetengwa kwa zahanati, shule au soko. Hili huwashangaza wengi. Hapo mjue mnachogombania, kwa sababu huenda zahanati mnayoililia kila mkutano ndiyo inayokuja kujengwa pale. La tatu ndilo chungu. Hakuna mchoro kabisa, mtaa ulikua wenyewe, na uwanja ni shamba la mtu ambaye hakujenga. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo wananchi walilinda uwanja kwa zaidi ya miaka kumi, wakafyeka, wakaweka magoli, kisha warithi wakaja na nyaraka safi. Hakuna aliyekuwa mwongo. Halmashauri ingeweza kulitwaa kwa kulipa fidia, lakini fedha hiyo haikupatikana. Sikutishi, nakuandaa. Hata katika hali hiyo kuna mazungumzo ya kufanya, ila yanaanza kwa unyenyekevu, si kwa maandamano.

Kama wakati wowote mtaona tofali zinashushwa au msingi unachimbwa, msisubiri majibu ya barua. Siku hiyohiyo nendeni kwa Mkurugenzi na ofisi ya ardhi mkaombe ujenzi usimamishwe, na mtafuteni mwanasheria ana kwa ana. Kuishtaki halmashauri kuna notisi ya siku 90 na lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, kwa hiyo hili si jambo la kuandikiana ujumbe na mtu kama mimi. Wasio na uwezo wa wakili wanaweza kuanza na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu anapaswa kujua aliye karibu.

Mkikata tamaa, mkumbukeni Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya. Mwaka 1989 Serikali ya Kenya ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mama yule alianza kwa kalamu. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, ndani na nje ya nchi, akiuliza maswali yanayodai jibu. Alitukanwa hadi bungeni. Wafadhili wakajitoa, jengo halikujengwa, na hadi leo watu wa Nairobi wanapumzika kwenye majani ya bustani ile.

Sasa diwani. Unauliza kama anawadanganya. Inawezekana, lakini kwanza tuelewane diwani ni nani, kwa sababu kampeni zetu huwa zinamchora kama mtu mwenye sanduku la fedha nyumbani. Diwani ni kura moja kwenye Baraza la Madiwani. Katani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake na Mtendaji wa Kata ni katibu. Hana akaunti ya kata ya kuchota. Hamwamuru Mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais. Hamwamuru mkuu wa kituo cha polisi. Kazi yake ni kulitoa jambo lenu mtaani, kuliingiza kwenye karatasi za halmashauri, kulitetea lisikatwe, na baadaye kuuliza kwa nini halijatekelezwa. Diwani aliyeahidi ukuta na taa kwa mdomo wake aliahidi kitu ambacho hana. Alichopaswa kuahidi ni kwamba atapigania.

Lakini neno lile "hakuna bajeti" lina maana tatu, na kila moja inamweka kwenye kiti tofauti.

Maana ya kwanza: mradi haukuwahi kuandikwa. Watu walilalamika mtaani, diwani akaitikia kwa kichwa, mkutano ukafungwa, muhtasari hauna neno taa wala neno uwanja. Hili ndilo nililoliona mara nyingi kuliko yote. Serikali haina masikio, ina macho. Inasoma. Kama halikuandikwa, kwa Mkurugenzi halikusemwa.

Maana ya pili: uliandikwa, ukafika makao makuu, ukakatwa kwa sababu ya ukomo wa bajeti. Hapa diwani anaweza kuwa alipigana akashindwa, au alikaa kimya wakati kata nyingine zinapigana.

Maana ya tatu: ulipita, upo kwenye kitabu cha bajeti, ila fedha hazikuingia. Watu wengi hawajui kwamba bajeti ya halmashauri ni makadirio. Baraza likishapitisha shilingi milioni mia za mradi, hazipo benki. Zitakuja kwa vipande kadiri ushuru unavyokusanywa, na makusanyo yakilegalega, miradi ya mwishoni mwa orodha ndiyo inayoachwa. Ndiyo maana swali la maana si tu "tumo?" bali "sisi ni wa ngapi?"

Kwa hiyo mkimfuata tena, msimwulize kuhusu ahadi ya kampeni. Mwulizeni hivi: "Mheshimiwa, jambo la uwanja liliingia kwenye muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata wa tarehe gani, na lilikatwa kwenye kikao gani?" Diwani aliyefanya kazi atafurahi kuulizwa, atakutajia. Ambaye hakufanya, mtamwona tu.

Na mwendeeni kwa wakati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30, lakini bajeti inaandaliwa mapema sana kuliko watu wanavyofikiri. Mitaa inatakiwa kuibua vipaumbele vyake kwenye miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Kamati ya Maendeleo ya Kata inavipanga, wataalamu wa manispaa wanavichambua, kamati za kudumu zinapitia, na Baraza linapitisha rasimu kwenye Januari au Februari hivi. Baada ya hapo inapita ngazi ya mkoa, TAMISEMI na Hazina, na Bunge linaanza kuijadili Aprili. Mwananchi anayekwenda kudai taa mwezi Mei kwa ajili ya Julai anafika stendi basi limeshatoka. Anayekwenda Oktoba ana tiketi ya mapema. Kama umekosa dirisha hilo, bado kuna mapitio ya katikati ya mwaka ambapo fedha inaweza kuhamishwa kutoka kifungu kimoja kwenda kingine, ila hapo mnagombania makombo.

Ngoja nikuonyeshe ukubwa wa mfuko wenyewe, maana mtu akisikia bajeti ya manispaa ni mabilioni anaona ananyimwa kwa roho mbaya. Sehemu kubwa ya mabilioni hayo inatoka Serikali Kuu ikiwa imeshafungwa: mishahara ya walimu na wauguzi, fedha za elimu bila ada, miradi yenye majina yake. Baraza haliwezi kuigusa likanunulia taa. Kinachobaki kwa uamuzi wa madiwani ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya biashara, leseni, ushuru wa masoko na stendi, ada za taka na mengineyo. Humo nako, asilimia 10 inakwenda kisheria kwenye mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kuna kuendesha ofisi, kuna posho za vikao, kuna madeni. Tuseme, kwa mfano wangu wa kubuni, baada ya hayo yote imebaki shilingi bilioni 1.5 ya miradi mipya, na manispaa ina kata 20. Wakigawana sawa, kila kata ina milioni 75. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 12,000 ya sekondari nchi nzima, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na vitu havijashuka bei tangu hapo. Milioni 75 za kata yako ni madarasa matatu na chenji. Sasa weka mezani choo cha shule kilichotitia, zahanati isiyo na maji na ukuta wa uwanja wenu. Mimi mwenyewe nisingeanza na ukuta.

Kuhusu LUKU: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa mnaponunua umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati ule, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Inakatwa kupitia mfumo wa umeme, si kwenye kaunta ya manispaa. Kwa hiyo haingii moja kwa moja kwenye mfuko ambao diwani wenu anapigia kura. Mna haki ya kuuliza inarudi kiasi gani, na mahali pa kuuliza ni kwenye Baraza lenyewe. Mikutano ya Baraza ya kila robo mwaka iko wazi kwa wananchi. Ingieni, kaeni nyuma, sikilizeni. Mara nyingi siku moja hutengwa kwa ajili ya taarifa za kata, na hapo mtamsikia diwani wenu akisoma ya kwenu. Kama uwanja haumo kwenye taarifa hiyo, mmeshapata jibu la swali lenu la kama anawadanganya. Nimeona diwani akibadilika kabisa baada ya kuinua macho na kuwaona akina mama sita wa mtaani kwake wamekaa kwenye viti vya nyuma. Hawakusema neno, wala wageni hawaruhusiwi kusema.

Nirudi kwenye ukuta, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu naona aliyewaahidi na ninyi mlioahidiwa mmekosea pamoja. Msiudai. Ukuta unakula fedha nyingi kuliko yote mliyoomba, halafu unamfichia kibaka. Kinachomfukuza mhalifu kwenye eneo la wazi ni kuonekana. Mtu akijua kwamba kutoka dirisha la mama fulani, kutoka kibanda cha muuza chipsi na kutoka kwenye bodaboda zilizopaki kuna macho yanayomwona, anahama. Wenzetu Marekani wamelipima jambo hili kwa makini. Mjini New York mwaka 2016 waliweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36. Philadelphia walifanya jepesi zaidi: walisafisha viwanja vilivyotelekezwa, wakapanda majani na miti michache, wakaweka uzio mfupi wa mbao unaokuacha uone ndani. Kwenye mitaa ya watu maskini, matukio ya risasi yalipungua kwa asilimia 29. Mazingira yao si yetu, lakini nyasi ndefu ni nyasi ndefu popote.

Kwa hiyo fyekeni. Hiyo haihitaji bajeti, inahitaji Jumamosi moja na mapanga. Miti msiikate, ipunguzeni matawi ya chini mpaka mtu aliyesimama upande mmoja amwone mtu wa upande wa pili. Kile kinjia ambacho watu wamekikanyaga wenyewe kukatiza uwanja ndicho kiwe njia rasmi na ndicho kiwekewe taa kwanza, kwa sababu miguu ya watu imeshachora ramani bora kuliko ya mhandisi. Na rudini na samaki wenu. Nasema hili kwa dhati: meza nne za akina mama wenye taa zao saa kumi na mbili hadi saa tatu zinalinda uwanja kuliko askari anayepita mara moja. Ongeeni na Mtendaji wa Kata na afisa afya mpangiwe sehemu, ili asije mgambo kuwatimua.

Wako pia vijana wanaoshinda pale. Usiwahesabu wote kuwa ni vibaka. Wapo wasio na pa kwenda, na wapo wanaomjua vizuri aliyemkata yule mtoto. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa ile asilimia 10. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kuosha pikipiki pembeni ya uwanja, kuwa na banda la kuchaji simu, hata kusimamia ligi ya mtaa kwa ada ndogo, ni kumpa kijana sababu ya kutaka uwanja uwe salama.

Taa sasa. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ambazo zilikuwa chini ya halmashauri zilihamia TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, kwa hiyo mara nyingi taa ya barabarani iliyozimika si ya diwani wala ya manispaa, ni ya TARURA. Nguzo iliyo ndani ya uwanja, mbali na barabara, yaweza kuwa ya manispaa au ya mradi uliokwisha zamani. Anzeni kwa kujua ni ya nani. Angalieni pia ni ya umeme wa TANESCO au ya jua. Ya TANESCO, tatizo huwa ni balbu, waya ulioibiwa au bili isiyolipwa, na bili isiyolipwa maana yake kuna ofisi moja inayosubiri nyingine. Ya jua, mara nyingi betri imechoka au imeibwa, na mradi ulioifunga haukuacha fedha za betri mpya. Ndiyo maana nawashauri: kwenye maombi yenu msiandike "taa" tu. Andikeni taa na matengenezo, na nani atalipia umeme. Mradi usio na mwenye kulipa bili ni nguzo ya kuanikia nguo.

Wakati mkisubiri, kuna jambo la usiku wa leo. Balbu ya wati 10 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku inatumia uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa tarifa ya T1, ya watumiaji wa kawaida, ambayo pamoja na kodi ni kama shilingi 356 kwa uniti, hiyo haifiki 1,300. Kwa wale wanaotumia uniti 75 au chini yake kwa mwezi ni kama 440. Nyumba kumi zinazotazama uwanja zikiwasha taa za barazani, mmeshaweka taa kumi. Wale wasiomudu wachangiwe na wenzao.

Sungusungu. Nawaheshimu, na historia yao naijua. Ilianza huko kwenu, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa kuwatambua. Lakini mlinzi asiye na daftari ni tatizo lingine linalokuja. Kama mtaa una nyumba 300 na kila moja inatoa 2,000, hiyo ni 600,000 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka. Fedha hiyo ina haki ya risiti. Mchango upitishwe na mkutano wa mtaa na uandikwe kwenye muhtasari, uwe na mweka hazina asiye mlinzi, na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi. Majina ya walinzi yapelekwe kituo cha polisi na wapewe mafunzo na Polisi Kata. Mlinzi wa jadi anaweza kumkamata mtu anayefanya kosa, kisha lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga, kumtoza faini au kumlaza kwenye ofisi ya mtaa hakumo. Na nasikia kuna mahali asiyelipa ulinzi ananyimwa barua ya utambulisho. Siungi mkono hata kidogo. Mjane asiye na 2,000 asinyimwe barua ya kumpeleka mtoto shule.

Hapo ndipo ile taarifa ya polisi inapoingia. Kila tukio lisiloripotiwa halipo kwenye takwimu, na doria hupangwa kwa takwimu. Mtaa wenu ukiwa na matukio kumi ya kunyang'anywa na taarifa moja tu kituoni, kwa mkuu wa kituo mtaa wenu ni shwari. Mwenye jeraha apate matibabu kwanza, fomu ya polisi ya majeruhi, PF3, ifuate, na namba ya RB, yaani ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, itunzwe. Andikeni orodha ya matukio: tarehe, saa, sehemu, namba ya RB, bila majina ya watoto. Ikishafika ukurasa mmoja, mpelekeeni Polisi Kata na diwani kwa pamoja. Kwa hatari inayotokea sasa hivi piga 112. Kama ni mtoto au mwanamke aliyedhalilishwa kingono, hospitali iwe mara moja, ndani ya saa 72, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe. Hilo si la kupeleka kwenye kikao cha mtaa kusuluhishwa.

Ulitaja mbunge na mkuu wa wilaya. Mbunge ni mjumbe wa Baraza hilohilo, na anasimamia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Taa mbili na betri zake ni aina ya mradi mdogo unaofaa huko, kwa hiyo mwandikieni, lakini kupitia muhtasari wa mtaa, msimruke diwani. Ukimruka diwani unampa sababu ya kukaa pembeni. Mkuu wa Wilaya ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya. Mwendeeni kama uhalifu umezidi na polisi hawaitikii, au kama mmetishwa kwa sababu ya kufuatilia uwanja. Mkiombwa rushwa, au mkipata nyaraka zinazoonyesha mtumishi ameshiriki kuuza eneo la umma, hiyo ni TAKUKURU, namba 113, na hapo msitangaze mtaani kabla ya kwenda.

Wiki hii, binti yangu, fanya mawili tu. Nenda na wenzako ofisi ya ardhi na zile namba za bikoni. Halafu mwombe mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa, na kabla haujafungwa simama uombe katibu asome kwa sauti alichoandika kuhusu uwanja. Akisoma, sikiliza kama kuna namba ya mchoro, taa ngapi, nani atalipa bili, na tarehe ya kupeleka katani. Kisichokuwemo kiongezwe palepale, mbele ya watu. Ukishapata majibu ya ofisi ya ardhi, niandikie tena uniambie ni lipi kati ya yale matatu, maana ushauri wa kuanzia hapo utakuwa tofauti kabisa kwa kila moja.